Vitita Mia Nne vya Kamba na Mikono ya Dada Mize

Saa tatu na dakika kumi na saba za asubuhi, siku ya Jumatano, Dada Mize alipanda gari la mwisho la ng'ombe, akakaa juu ya kamba kama aliyekaa kwenye kiti chake mwenyewe, akasema, "Haya, twende." Mimi nilikuwa nimesimama chini na saa yangu ya mfukoni mkononi, ndiyo maana naikumbuka dakika. Haikuwa katika mpango wangu kwamba yeye aende.

Mmeniuliza barazani, mmoja mmoja na kwa makundi, safari ile ilikuwaje, na kila niliyemweleza amekwenda kumsimulia mwenziwe jambo jingine. Nimesikia kwamba Dada Mize alimpiga sajini. Hakumpiga. Nimesikia kwamba mimi nilipewa cheo. Nilipewa kitambaa cha kuvaa mkononi, nami nimekirudisha. Kwa hiyo nimeandika yote kituo kwa kituo. Habari za vibali na mihuri nimeziacha. Ziliniumiza mara moja, na hiyo yatosha.

Wingwi hadi Wete

Ulikuwa mwaka wa vita vya Mtaliani. Majeshi ya kila namna yalikuwa yakikusanyika bara, upande wa Kenya: Makaburu kutoka kusini, Wahindi, watu wa Gold Coast, Wanyasa, na wengine ambao sikuwaona. Jeshi lina bunduki zake, lakini halina kitunguu chake wala kamba yake. Vitu hivyo huviagiza kwa kontrakta. Kazi ya kamba jeshi lilimpa kontrakta wa Nairobi. Wa Nairobi akampa wa Mombasa. Wa Mombasa akamwandikia Tajiri Nurali, mwenye duka Wete, na Tajiri Nurali akaja Wingwi kunitafuta mimi, kwa kuwa najua hesabu, na Kiingereza kidogo nilichojifundisha kwa kamusi iliyopotea kurasa zake za mwisho.

Katani yote ya bara ilikuwa imechukuliwa na meli za vita. Kwa hiyo jeshi lilitaka kamba za usumba za kufungia mizigo juu ya malori: vitita mia nne, kila kitita pima thelathini, shilingi moja kwa kitita.

Wanawake arobaini na mmoja wa kwetu waliifanya kazi hiyo muda wa miezi saba. Walifukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, wakayafukua yalipolainika, wakayapiga kwa magongo, wakayasokota viganjani mpaka viganja vikawa kama magome. Tajiri Nurali alitoa nusu ya fedha mbele, shilingi mia mbili, akataka dhamana. Dhamana ikawa mikarafuu kumi na miwili aliyotuachia baba: minane yangu, minne ya Dada Mize. Jeshi likizikataa kamba, zinarudi kwa gharama yetu, na mikarafuu inakwenda kwa Tajiri.

Sasa mnajua kwa nini Dada Mize alikaa juu ya gari.

"Dada," nilimwambia, "safari ni ndefu. Kuna bahari, kuna treni, kuna wanajeshi."

"Na kuna mikarafuu yangu minne," alisema. "Wewe nenda na minane yako. Mie nakwenda na minne yangu."

Yeye ana miaka hamsini na mitano, mimi arobaini na saba, na katika umri wetu wote sijapata kumshinda kwa maneno. Ni mfupi. Akisimama kando yangu, ushungi wake unanifika begani. Lakini kamba yake ndiyo wanayoiiga wengine wote, na siku za kufunga vitita ndiye aliyepita akikagua kila kimoja. Kila kitita kwetu hufungwa kwa kipande cha kamba yake yenyewe, chenye urefu wa pima mbili, kikazungushwa mara nyingi na kupigwa fundo. Hicho ni kifungio, na hakihesabiwi katika bei. Ni nyongeza ya mnunuzi. Kitita kisicho na kifungio hakiuzwi Wingwi, kama vile chai isiyo na sukari haipewi mgeni.

Barabara ilikuwa ile ile mnayoijua. Gari la pili lilivunjika gurudumu mara mbili, na mara zote mbili Dada Mize alilifunga kwa kamba ya jeshi, kisha akaifungua na kuirudisha mahali pake. Tulifika Wete saa kumi na nusu.

Siku mbili gatini Wete

Meli ndogo ya moshi iliyokuwa ituchukue ilikuwapo. Nahodha alikuwapo. Kamba zilikuwapo. Lakini karani wa gati alisoma karatasi yetu, akavua miwani, akasema, "Hii ni mali ya jeshi. Mali ya jeshi haisafiri bila mtu wa jeshi wa kuilinda."

"Tutampata wapi, bwana?" niliuliza.

"Pemba hakuna."

"Basi?"

"Basi msubiri."

"Tumsubiri nani, ikiwa hayupo?"

Karani aliniangalia kwa huruma. Alikuwa kijana mwenye adabu sana. "Mzee Hamadi," alisema, "mie nimeambiwa niseme msubiri. Sikuambiwa nani."

Tulisubiri siku mbili. Tulilala nyumbani kwa binamu yetu mmoja, na mchana tulikaa gatini juu ya vitita, tukila mikate ya kumimina na ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa, ambao Dada Mize alikuwa amejaza kikapu kizima. Siku ya pili, baada ya sala ya adhuhuri, Dada Mize alimpelekea karani sahani.

"Kula, mwanangu. Umekonda kwa kusoma makaratasi."

Karani alikula. Alipomaliza, Dada Mize akamwuliza, "Ati, huyo mtu wa jeshi, mnamtambua kwa kitu gani?"

"Kwa nguo zake, Bi Mize."

"Nguo zote?"

Karani alifikiri. Aliingia ndani, akarudi na kitambaa cha khaki chenye herufi mbili nyeusi, kilichokuwa kimebaki kwenye sanduku fulani, akakifunga kwenye mkono wangu wa kushoto. Kisha akaandika kwenye daftari kwamba mzigo una mlinzi mmoja.

"Mungu wangu," alisema Dada Mize akinitazama juu mpaka chini. "Mtaliani akimbie sasa."

Wete hadi Mombasa

Bahari ilikuwa shwari na mimi sikuwa na la kufanya. Kwa mtu wa tabia yangu hiyo ni hatari. Nilikuwa na futi ya fundi cherehani mfukoni, nikafungua kitita kimoja, nikakipima chote kwenye sitaha, nikiwa nimepiga magoti. Abiria wawili waliinua miguu nipite.

Nilipata futi mia moja na hamsini na tano.

Nilipima tena. Mia moja na hamsini na tano. Nikafungua kitita cha pili na cha tatu. Vilitofautiana kidogo, lakini wastani ulikuwa ule ule. Nikahisi baridi, na jua lilikuwa utosini.

Lazima nieleze, ingawa kueleza ni kujivua nguo. Pima kwetu ni mikono iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole hiki mpaka ncha ya kidole kile, na ni mikono ya yule anayesokota. Kila mtu Wingwi anajua hivyo, na mimi nilijua hivyo kabla sijaota meno. Karatasi ya jeshi nayo ilisema "pima thelathini, kwa kipimo cha mahali kamba inaponunuliwa." Hapakuwa na tatizo lolote. Lakini mimi, nilipopewa karatasi ile nitie sahihi chini kabisa, niliona nafasi tupu juu ya jina langu, na mtu aliyejifundisha mwenyewe hawezi kuona nafasi tupu akainyamazia. Nilikumbuka kamusi yangu. Nikaandika kwa Kiingereza, kwa mwandiko wangu mzuri: "Pima moja ni futi sita kamili."

Pima thelathini za kamusi ni futi mia moja na themanini. Kila kitita changu kilipungua futi ishirini na tano. Hakuna mwanamke wa Wingwi mwenye mikono ya futi sita. Dada Mize angehitaji kusimama juu ya mtungi na kuazima mkono wa jirani.

"Unatafuta nini humo ndani?" aliuliza Dada Mize kutoka kwenye kivuli chake.

"Nakagua tu, dada."

"Umekagua vizuri. Umekuwa kama aliyekunywa maji ya bahari."

Sikumwambia. Nilivifunga vitita vile upya, vibaya, na yeye akaja akavifungua na kuvifunga tena.

Mombasa tulikula mbaazi na mahamri karibu na bandari, na mwanajeshi mmoja mweupe alinipigia saluti kwa sababu ya kitambaa. Nilimrudishia kwa mkono wenye hamri. Kisha tukaenda kwa kontrakta wa Mombasa, mtu mnene mwenye ofisi iliyojaa magunia ya vitunguu vya jeshi, ambaye alitupokea vizuri na kutupa habari mbaya.

"Ghala la kupokelea limehamishwa bara," alisema. "Siku moja kwa treni ya mizigo. Huko ndiko watakakokagua."

"Na wakikataa?" niliuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa.

"Wakikataa, jeshi linamrudishia wa Nairobi, wa Nairobi ananirudishia mimi, mimi namrudishia Nurali, na Nurali anamrudishia aliyetia sahihi chini kabisa." Akaipindua karatasi kuangalia. "Hamadi bin Faki. Ndiye nani?"

"Ndiye huyu," alisema Dada Mize, akinionyesha kwa kidole cha fahari. "Anasoma Kiingereza."

Ndani ya treni ya mizigo

Waliokuwa wakisafiri na mizigo yao waliwekwa katika behewa moja la viti vya mbao, na hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo sikulisoma gazetini. Sisi sote tulikuwa makontrakta, au makontrakta wa makontrakta. Mmoja alikuwa na kabichi. Mmoja alikuwa na sabuni ya kufulia nguo za kikosi kizima. Mzee mmoja Msomali alikuwa na mbuzi mia mbili wa kuchinjiwa askari Waislamu, nao walilia nyuma yetu safari nzima. Treni za askari zilitupita mara sita, na kila mara sisi tuliwekwa kando kungoja. Ikawa chakula cha jeshi kinakaa juani ili jeshi liwahi kufika mahali ambapo lingekingoja chakula.

Mzee wa mbuzi alikuwa ameketi mbele yetu. Alikitazama kitambaa changu, akatazama dirishani vitita vilivyojaa kwenye behewa wazi la mbele, akatazama tena kitambaa. Mwishowe aliinama karibu.

"Kamba zote zile," aliuliza kwa sauti ya chini, "ni za kunyongea watu wangapi?"

"Ni za kufungia mizigo, mzee."

Alitikisa kichwa polepole kama mtu anayeelewa kwamba kuna siri za serikali. "Ndiyo, ndiyo. Mizigo." Na toka hapo kila aliponisemesha, alininyenyekea mno. Alinipa mahali pa dirishani. Alinipa maziwa. Dada Mize alikuwa akicheka ndani ya ushungi mpaka mabega yakatetemeka.

"Mwambie kweli," nilimnong'oneza.

"Nimwambie nini? Maziwa mazuri."

Usiku sitausimulia, nilikuwa nimelala. Lakini asubuhi, treni ikiwa imesimama kwa mara ya nne, nilimwambia Dada Mize habari ya futi sita. Nilimwambia yote, pamoja na kamusi. Alikuwa akivunja ng'onda. Aliendelea kuvunja.

"Kwa hiyo," alisema, "miaka yote hii umesoma usiku, mafuta ya taa yameisha, tumekaa gizani, ili ujue urefu wa mikono yangu kutoka kwa Mzungu."

"Ndiyo, dada."

"Ungeniuliza."

"Ndiyo, dada."

"Nipo nyumba ya pili."

Alinipa kipande cha ng'onda kilichokuwa na mifupa mingi.

Kambini

Jina la kambi tuliombwa tusilitaje, na natii mpaka leo. Lilikuwa pori la vumbi jekundu lenye mahema, na malori yamepangwa kama shanga, yakiwa na mizigo juu isiyofungwa. Sajini wa ghala alikuwa Kaburu mrefu kupita watu wote niliowahi kuwaona. Msaidizi wake alikuwa koplo wa Gold Coast, Mwislamu, ambaye alipomwona Dada Mize alitoa salamu ya Kiislamu kwa ukamilifu wake wote, na Dada Mize akaijibu kwa ukamilifu zaidi, na ingawa baada ya hapo hapakuwa na lugha yoyote waliyoshirikiana, walikuwa marafiki. Alituletea biskuti za jeshi. Dada Mize aligonga moja juu ya nyingine, akasikiliza, akasema zingefaa kujengea. Yeye akampa koplo ng'onda. Koplo alinusa, akafumba macho, akaweka mkono kifuani.

Basi ukaguzi ukaanza. Sajini aliagiza vitita arobaini vishushwe. Askari wawili wakatoa visu, wakakata vifungio vyote kwa haraka, wakavitupa pembeni, kisha wakaanza kupima kamba.

Dada Mize alipiga ukelele, ule ukelele mnaousema ninyi kuwa ni kipigo.

"Wanakata nyongeza! Hamadi! Wanakata nyongeza na kuitupa! Watu hawa wamelelewa wapi?"

Sajini aliuliza kwa nini mama analia. Kiswahili chake alikipata shambani kwao au njiani, sijui. Alisema, "Mama kwa nini nalia?"

Aliyetafsiri vizuri zaidi alikuwa askari wa Kinyasa, dereva, aliyekuwa ameegemea lori lake. "Anasema mmekata zawadi, effendi."

"Zawadi hapana. Mimi napima kamba." Akapima. Uso wake ukawa mrefu kama mwili wake. "Kamba fupi. Hii fupi. Hii fupi tena. Kamba yote naiba."

Neno "naiba" Dada Mize alilielewa. Alijifunga kanga kiunoni. Hapo ndipo sajini alipomwita afisa wa ghala, Mwingereza wa makamo, mwenye macho mekundu ya mtu ambaye hajalala siku tatu. Afisa alichukua karatasi, akaisoma mpaka chini, akaweka kidole kwenye mstari wangu.

"Nani aliandika huu?" aliuliza kwa Kiingereza.

Nilikuwa na jibu zuri. Ningeweza kusema ni kontrakta wa Mombasa, ambaye alikuwa mbali na alikuwa mnene na asingeumia. Lakini Dada Mize alikuwa amesimama kando yangu.

"Mimi, bwana," nilisema. "Ni kosa langu. Nililitoa kwenye kitabu. Kipimo cha kwetu hakimo kitabuni."

"Na kipimo cha kwenu ni kipi?"

Nilieleza. Nilieleza pia kawaida yetu ya sokoni, ambayo ninyi mnaijua lakini yeye hakuijua: mnunuzi akiona pima ni fupi, hunyoosha mikono yake mwenyewe, msokotaji naye hunyoosha yake, na pima ya biashara hiyo inakuwa katikati. Hakuna anayedanganya, maana mikono haiwezi kurefushwa kwa kusudi.

Afisa aliyatazama malori yake yasiyofungwa. Alilitazama jua. Kisha akanipa kalamu. "Kama uliuandika wewe, uukate wewe."

Niliukata. Mwandiko ulikuwa mzuri, na mkono uliniuma. Yeye akatia sahihi pembeni, ikabaki "kipimo cha mahali," naye akasema, "Haya. Mikono."

Sajini akajitokeza, akainyoosha mikono yake. Nilipima inchi sabini na sita. Askari wakashangilia.

"Hapana!" alisema Dada Mize. "Huyo si mnunuzi, huyo ni mnazi."

Dereva wa Kinyasa alitafsiri, na nadhani alitafsiri kwa uaminifu, kwa kuwa Makaburu wengine waliketi chini kwa kucheka.

"Muulize bwana mkubwa," Dada Mize aliendelea, "kamba hizi anamnunulia huyu peke yake? Karatasi inasema nini? Soma, Hamadi, ulisomea nini?"

Nilisoma. Karatasi ilisema kamba ni kwa matumizi ya vikosi vyote vilivyopo kambini.

"Vyote," alisema Dada Mize. "Basi waje wote."

Afisa, kwa mara ya kwanza, akatabasamu. Akaita. Habari ilienea kambini upesi kuliko tarumbeta. Walitaka kuja hamsini, lakini afisa alisema mmoja kwa kila taifa. Koplo wa Gold Coast alipimwa inchi sabini. Dereva wa Kinyasa, sitini na saba. Wahindi walibishana wenyewe kwa wenyewe kwanza. Dada Mize alimwona mpishi wao, mzee mdogo mwenye ndevu nyeupe aliyekuja na upawa mkononi kuona kelele ni za nini.

"Yule! Yule mwenye upawa ana sura ya kununua."

Mpishi alikabidhi upawa, akanyoosha mikono kwa heshima kubwa. Inchi sitini na tatu. Wahindi walimshangilia kana kwamba ameuteka mji.

Nilijumlisha juu ya sanduku la biskuti: mia mbili sabini na sita, kugawa kwa nne, sitini na tisa. Mnunuzi, yaani jeshi zima, alikuwa na mikono ya inchi sitini na tisa.

"Sasa msokotaji," alisema afisa.

Dada Mize hanyooshi mikono yake mbele ya wanaume wa mataifa manne, na hakuna aliyethubutu kumwomba. Koplo wa Gold Coast ndiye aliyefahamu. Alianua shuka kwenye kamba ya kuanikia, akashika ncha moja, akageuza uso upande wa pili na kufumba macho, akaniashiria nishike ncha nyingine. Dada Mize aliingia nyuma ya shuka. Kwa kila upande ikatokea ncha moja ya kidole chenye hina, basi. Nilipima kutoka ncha hadi ncha juu ya shuka. Inchi sitini na moja.

"Umepata?" alisema nyuma ya shuka.

"Nimepata, dada. Sitini na moja."

"Miaka arobaini na saba," alisema. "Hatimaye."

Katikati ya sitini na tisa na sitini na moja ni sitini na tano. Pima thelathini za inchi sitini na tano ni futi mia moja na sitini na mbili na nusu. Na kamba yetu ilikuwa futi mia moja na hamsini na tano. Sajini aliiona hesabu akichungulia juu ya bega langu, akainua kidole.

"Bado fupi."

Mikarafuu kumi na miwili ilinipita machoni, mmoja mmoja, kwa majina yake.

"Na zile walizotupa?" alisema Dada Mize, akitoka nyuma ya shuka. "Ndizo nyongeza! Kamba si kamba? Wapime na kifungio!"

Vitita mia tatu na sitini vilikuwa havijaguswa. Afisa aliagiza vitatu vifunguliwe kwa mkono, siyo kwa kisu. Dada Mize alivifungua mwenyewe, na sajini akapima kila kimoja pamoja na kifungio chake. Wastani: futi mia moja na sitini na tano na inchi nne. Kila kitita kilizidi futi mbili na inchi kumi.

Sajini alipima tena. Kisha akamgeukia Dada Mize, akavua kofia. "Mama," alisema, "kamba hapana iba. Kamba naongeza."

Malori yalianza kufungwa kabla wino haujakauka.

Vitita vile arobaini vilivyokatwa ndivyo vilivyobaki. Vifungio vyake vilikuwa vipande vipande visivyofaa hata kufungia kuku, na afisa alisema anasikitika, lakini pima mbili kwa kila kimoja lazima zikatwe kwenye malipo.

"Waliokata ni wao," alisema Dada Mize, "na tunaokatwa ni siye?"

Dereva wa Kinyasa alikataa kutafsiri. Alisema vita vyake vilikuwa na Mtaliani tu.

Kurudi

Kurudi kulikuwa kwepesi, kwa hiyo hakuna la kusimulia, isipokuwa kwamba koplo alitusindikiza kituoni na kopo la njugu, na mzee wa mbuzi alikuwa kwenye treni ile ile, bila mbuzi. Alitazama mikono yangu mitupu, akatazama behewa la mbele lililokuwa halina kamba hata moja. "Zote?" aliuliza.

"Zote," alijibu Dada Mize.

Mzee alihamia behewa jingine.

Wete nilirudisha kitambaa kwa karani, na Tajiri Nurali akatoa nusu iliyobaki, akaupasua mbele yetu waraka wa dhamana. Mikarafuu iko palepale. Kamusi nimeiweka juu ya kabati. Wanawake arobaini na mmoja wamelipwa kila mmoja haki yake kamili, pasipo kupunguziwa, kwa sababu Dada Mize aliamua njiani, meli ikipita karibu na Mtambwe, kwamba vitita arobaini vilikatwa kwa sababu vilipimwa, na vilipimwa kwa sababu ya mstari mmoja, na mwenye mstari anajulikana.

Nimekokotoa. Vifungio arobaini, pima mbili kila kimoja, ni pima themanini. Shilingi kwa pima thelathini. Hasara yote ya safari, niliyomlipa Dada Mize mkononi, mlangoni kwake, nyumba ya pili, naye akaihesabu mara mbili: shilingi mbili na senti sitini na sita, na theluthi mbili za senti, ambazo hazina sarafu na ambazo ananidai mpaka leo.